Nyayo Tatu na Nusu

Alfajiri ya Novemba, vilima vya nyuma ya Naselle,
mvua hainyeshi, inaning'inia tu,
kama shuka iliyosahauliwa kambani.

Tulizikuta kwenye tope la barabara ya magogo.
Eino, mwana wa dada yangu, miaka kumi na minne,
alichuchumaa, akahesabu kwa kidole:
moja, mbili, tatu, safi kama muhuri wa posta.
Ya nne si wayo. Ni mburuzo,
ni kalamu iliyoishiwa wino katikati ya neno.

"Huyu amebeba nini?"
"Amebeba mguu wake."

Tukamfuata hadi penye misonobari michanga.
Elki jike, ndugu mkubwa wa ayala,
mbavu zikihesabika, kundi limeshatangulia,
naye anachechemea, anasimama,
anaunyanyua mguu wa nyuma wa kushoto
kama mtu aliyekanyaga kaa la moto
na bado halioni.

Baba alinikataza kuchagua mnyonge.
Enzi zake mnyonge alikuwa mmoja kwa msimu.
Kibali changu kilisema jike.
Sikupanda kilima kwa huruma, nilifuata nyama;
lakini nilipovuta pumzi na kulenga
sikuwa na hakika tena nimefuata nini.

Risasi moja.

Ukwato ulikuwa umerefuka, umejikunja
kama ndara iliyoachwa karibu na jiko.
Kati ya vidole, kidonda;
upande wa nje gamba limebanduka,
na kilichobaki alikuwa akikikanyagia.
Eino aligeuza uso. Sikumlazimisha.

"Nyama je?"
"Tutaikagua. Waliopasua wengi kutuzidi
wanasema ugonjwa hukaa mguuni, hauli mnofu.
Lakini panaponuka, panapotoka usaha, tunakata, tunatupa.
Usione haya kutupa."

Kisha akaushika mguu wa mbele, mzima, mweusi, unang'aa.
"Basi huu nipewe. Nitautundika kama vile vya babu."
Mlangoni kwa baba kuna kwato nne ukutani,
kila jioni ya utoto wangu
zilishika makoti yetu yaliyolowa
na harufu ya sufu ikajaa hadi jikoni.

"Hapana."
"Lakini huu ni mzuri!"
"Mzuri kwa macho.
Vidudu vyenyewe vimejisokota kama kizibuo cha chupa,
huvioni, na vinapenda tope
kama bibi yako alivyopenda kahawa.
Ukwato ukishuka nasi bondeni, navyo vinashuka.
Kwato zinabaki alipoangukia. Zote nne.
Ndiyo sheria ya huku, na safari hii
sheria ina akili kuliko sisi."

Tukaziacha chini ya jani la mkangaga,
jozi mbili, kama viatu vya mgeni
aliyeingia ndani na hatatoka.

Penye mtandao nikapiga simu ofisi ya wanyamapori:
jike, kushoto nyuma, kijito cha tatu baada ya daraja.
Binti wa simu alinikatiza mara mbili
niitaje Wuorinen herufi kwa herufi.
Dawa hakuna, alisema, ila mkiripoti
tunajua umefika wapi.
Nikatazama kilima. Umefika hapa.

Nyuma ya pikapu, ndoo, brashi, maji ya klorini.
Kisu kwanza, halafu msumeno, halafu viatu,
kila mfereji wa soli, kwa ncha ya kijiti,
mpaka tope la kilima lirudi kilimani.

Watu husema, fuata nyayo za waliokutangulia.
Nimemfuata baba kwenye ukungu, kwenye bunduki,
kwenye kunyamaza kabla ya kukata.
Penye kwato nimesimama.
Angekuwa hapa angenuna hadi Krismasi,
halafu angeomba brashi.

"Shangazi, klorini haitaharibu ngozi?"
"Itaiharibu," nikasema. "Sugua."